Alama Sifuri ya Mama Njia

Wanafunzi walimwita Mama Njia, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa ya kufundisha hesabu hakuchoka kusema, "Onyesha njia!" Mumewe, fundi bomba, alikuwa akiwachekesha majirani: "Mimi hata nikirudi nyumbani kwangu, naulizwa nimepita njia gani."

Mwaka huo shule nne ziliamua kutunga mtihani mmoja wa hesabu, maana alama sabini ya shule hii ilikuwa arobaini ya shule ile. Mama Njia aliunga mkono kwa moyo mweupe. Wa kurekebishwa, kwa hesabu zake, walikuwa wale walimu watatu wa shule nyingine.

Siku ya kikao cha walimu hao wanne alikuwa na fomu ya kuacha somo kwenye mkoba. Ilikuwa ya binti mmoja wa darasa lake, mtoto wa kinyozi, mkimya, aliyetaka kuwa mpima ardhi. Mama Njia alikuwa amemshauri aache hesabu, kwa kuwa majibu yake yalikuja bila njia, kama ya kubahatisha. Ilibaki sahihi ya mwalimu tu, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Bila hesabu, upimaji ardhi angeusikia redioni.

Mwenyekiti, mwalimu kijana wa shule ya jirani, alisema kabla ya kutunga chochote wapime mizani yao kwanza. Kila mmoja alikuwa ameleta karatasi moja ambayo haijasahihishwa, haina jina, ina namba tu. Wakapiga kura, ikatoka moja, naye akalinakili jibu la swali moja, la alama tano, kwa mkono wake na kuwagawia walisahihishe.

Swali lilikuwa hili: chumba cha mstatili kina eneo la mita za mraba 48, na urefu unazidi upana kwa mita 2, tafuta upana. Jibu lilikuwa na mistari mitatu: *Katikati yao ni 7. 7 × 7 = 49, toa 1 ni 48. Upana ni 6.*

Mama Njia alitafuta mlinganyo, asiuone. Akapiga mkasi mwekundu wa kosa, akaandika sifuri.

Matokeo yakasomwa: tano, tatu, tano, sifuri.

"Aliyetoa sifuri ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi. Njia iko wapi hapo?"

"Si hii, dada? Namba mbili zikipishana kwa mbili, chukua ya katikati, izidishe kwa yenyewe, toa moja, unapata eneo. Jaribu sitini na tatu."

Alijaribu kwa hasira, ili amuumbue. Nane mara nane, sitini na nne. Toa moja. Saba na tisa. Ikakubali. Akajaribu themanini, nayo ikakubali.

"Karatasi namba ngapi?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kumi na saba."

Kumi na saba ilikuwa karatasi aliyoileta yeye mwenyewe, na darasani namba hiyo ilikuwa ya binti wa kinyozi. Aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Miaka yote hiyo alidai njia, kumbe alikuwa akidai ya kwake. Nyani haoni kundule.

"Andikeni kwenye mwongozo wa kusahihisha," alisema. "Njia yoyote iliyo sahihi ipewe alama zote. Na muandike kwamba mimi ndiye niliyependekeza, nisije nikasahau."

Wakacheka, naye akacheka, ingawa macho yalikuwa na maji.

Ijumaa binti alisimama mlangoni mwa darasa. "Shikamoo, mwalimu. Nimefuata fomu."

"Marahaba. Nimeichana. Nilikukosea, mwanangu. Shika chaki, utuonyeshe njia."

"Njia ipi, mwalimu?"

"Yako. Mimi nilikuwa siijui."

Mama Njia akakaa kwenye dawati la binti, akafungua daftari. Binti akaandika, mwanzoni kwa herufi ndogo kama za sisimizi, kisha kubwa. Alipomaliza, mwalimu akanyoosha mkono kama wanafunzi wengine.

"Na urefu ukizidi kwa mita nne?"

Binti aliutazama ubao muda mrefu, midomo ikihesabu.

"Tutatoa nne badala ya moja, mwalimu."

Mama Njia akainama, akaandika.