Siku Tuliyoifumua Mashine Kubwa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko Idi zote za usichana wangu. Ni siku tuliyofuta kwa makusudi kila kitu kilichokuwemo kwenye mashine kubwa ya ofisi, na mkurugenzi alikuwa anakuja kukikagua keshokutwa yake. Ulipoingia jana na habari kwamba umepewa watu wa kuwafundisha kusakinisha na kusimamia programu ya miradi, nilicheka peke yangu jikoni, nawe ukadhani ni uzee. Kaa basi, chai ipo, nikusimulie.

Ilikuwa hapa hapa Kigali, mwaka wa tisini na mbili. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Biryogo, binti wa fundi cherehani, nimemaliza shule na najua kupiga taipu. Nikapata kibarua katika ofisi moja ya Remera iliyosimamia miradi ya maji: kuchimba mitaro, kulaza mabomba, kujenga matangi juu ya vilima. Ofisi ile ilikuwa na tatizo ambalo kila mtu alilijua. Mabomba yalifika kilimani kabla mtaro haujachimbwa, na mafundi walifika kabla ya mabomba, wakakaa wanakula ndizi za wenyeji bila kazi. Kila mradi ulikuwa na mpango wake kwenye ukuta wa bosi wake, na hakuna aliyeuona wa mwenzake.

Basi ikanunuliwa programu ya kupanga miradi yote mahali pamoja. Ilikuja kwenye disketi, boksi zima, pamoja na mashine kubwa ya kuihifadhi na nyingine ndogo za kuunganishwa nayo kwa waya. Najua unacheka, wewe yote hayo unayo kwenye simu. Sisi tulilizunguka lile boksi kama watu wanaosubiri bibi harusi afunuliwe. Siku hizi mnasema kusakinisha. Sisi tulisema kuingiza programu, na neno lenyewe lilitutia jasho.

Mwalimu alitoka Dar es Salaam. Aliitwa Bi Rehema, mama mnene wa kucheka kwa sauti, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Kifaransa hakujua hata cha salamu, na wenzangu Kiingereza hawakukijua. Kilichobaki ni Kiswahili, ambacho mjini wakati ule wapo waliokiona lugha ya soko na ya sisi Waislamu wa Biryogo. Mara ikawa ndiyo lugha ya kompyuta, na mimi niliyeletwa kupiga taipu nikawa mkalimani wa wakubwa pale walipokwama. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Tulikuwa wanne darasani. Mkuu wetu alikuwa Bwana Augustin, mzee wa tai na viatu vinavyong'aa, tukimwita Chefu. Alikuwepo Immaculée, mpiga taipu, mpole wa kusema akiulizwa tu, na Vianney, fundi umeme wa Gatsata, mikono yake haitulii. Wa mwisho nilikuwa mimi. Mkurugenzi alishatuambia wazi kwamba Ijumaa atakuja kuamua. Akiona tunaweza kuisimamia programu wenyewe, kazi ni yetu, nami nitaajiriwa moja kwa moja. Akiona hatuwezi, ataletwa mtaalamu kutoka nje, na sisi turudi tulikotoka. Kwangu mimi, kurudi nilikotoka kulikuwa kushona vifungo kibarazani kwa baba.

Bi Rehema alifundisha vizuri. Aliingiza disketi, akaeleza, akaonyesha jinsi ya kuwaandikisha watumiaji na kuwagawia ruhusa: huyu abadilishe mpango, yule ausome tu. Kila baada ya hatua aliuliza, "Haya, nani anajaribu?" Nasi sote tukamtazama Chefu. Unajua kwetu, mwanangu. Mkubwa akiwapo, nani atanyoosha mkono kabla yake? Chefu akakaa kwenye kibodi, na kwa kuwa hakutaka kukosea mbele ya watu wake, alibonyeza kile tu alichoambiwa abonyeze. Sisi tulisimama nyuma yake tunatikisa vichwa.

"Mmeelewa?"

"Yego, yego," tunajibu, ndiyo, ndiyo. Chefu ananigeukia: "Zaina, mwambie Madamu tumeelewa byose, yote. Iko sawa kabisa."

Kumwambia mgeni kwamba hujaelewa, si ni kama kumwambia kapika chakula kibaya? Basi nami nikamfikishia Bi Rehema huko kuelewa kwetu, tena kwa Kiswahili kizuri cha kwetu, na yeye akaendelea mbele.

Jumatano asubuhi Chefu aliitwa ofisi nyingine. Bi Rehema akavuta kiti, akamwambia Immaculée, "Mama, hebu niandikishie mtumiaji mmoja mpya." Immaculée akaweka mikono yake magotini. Vianney akaanza kutazama dari. Mimi niliyakumbuka maneno yote niliyoyatafsiri, lakini nilipoiangalia ile kibodi sikujua hata kidole kianzie wapi.

Nilitegemea atukaripie. Alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani, akasema polepole.

"Jamani, siku zote hizi mmenipa heshima. Heshima ninayo nyumbani kwangu, wanangu wananipa. Mimi nimekuja kuchukua makosa yenu niondoke nayo, na mpaka sasa sijapata hata moja. Nikipanda ndege Jumamosi yatabaki huku, na mtayafanya nikiwa mbali." Kisha akanigeukia. "Na wewe Zaina, hilo 'tumeelewa' nisilisikie tena humu ndani."

Maneno yale yaliniingia. Niliona aibu, ndiyo, lakini pia nilipata wazo, na wazo likija kwa nguvu hivyo mtu hawezi kukaa. Nilikumbuka kibaraza cha baba. Kwetu Biryogo, anayejifunza cherehani kwa baba hakupewa kitambaa cha mteja. Baba alitoa shati lake mwenyewe, zima, tena lile analolipenda, akaanza kulifumua mshono wa kwanza mbele ya wanafunzi. Kisha anawapa: fumueni mpaka libaki vipande, halafu mnirudishie shati langu. Nimeona mashati yakirudi na mkono mmoja mrefu na kola imegeuka. Baba aliyavaa hayo hayo msikitini, na watu wakajua mwaka huu ana wanafunzi wapya.

"Bi Rehema," nikasema, "tuifumue."

"Tufumue nini?"

"Mashine. Tufute kila kitu, halafu tukirudishe sisi."

Wakati huo huo Chefu akaingia mlangoni. Vianney alishindwa kujizuia, akamweleza yote kwa Kinyarwanda kabla mimi sijafungua mdomo. Rangi ikamtoka mzee wa watu.

"Kufuta? Miradi yote iko ndani! Ijumaa directeur anakuja. Mimi niko na watoto, Zaina!"

"Mipango yote ina nakala kwenye disketi," akasema Bi Rehema. "Nakala zisiporudi, afadhali tulijue leo nikiwa hapa."

Chefu akasimama. Sote tulijua alichokuwa anakipima. Kufeli siku ile kungemvunjia jina alilolijenga miaka mingi, na ile tai yake isingemsaidia. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa kumtia katika jambo lile. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa baba yako, nani anaanza kufumua?"

"Mkubwa, Chefu. Shati ni lake."

Akailegeza tai. Akakaa, akaandika amri ya kufuta, akaibonyeza. Kioo kikawa cheusi. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema, "Sasa sijui nafanya nini." Mwanangu, tangu nimjue, hilo lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwake, na Bi Rehema alipiga makofi kama mtu ambaye timu yake imefunga goli.

Tangu hapo chumba kile kilikuwa sherehe. Chefu aliingiza programu, akaandikisha watumiaji wote, akagawa ruhusa kwa makini sana, na yeye mwenyewe akajipa ruhusa ya kusoma tu. Alipotaka kuendelea, mashine ikamkatalia. Mkuu wa kitengo amejifungia nje ya ofisi yake! Alikaa anakitazama kile kioo, kisha mabega yakaanza kutikisika, na tulipogundua kwamba anacheka, tukacheka mpaka wa ofisi ya jirani wakaja kuchungulia. Baada ya mkubwa kukosea, nani tena angeogopa? Vianney aliingiza disketi moja kabla ya nyingine akaharibu kazi ya asubuhi nzima. Mimi niliwaandikisha watu wote nikasahau kuziandikisha mashine zao. Kila mara Bi Rehema alisema, "Hilo langu, naondoka nalo," kisha tunafumua tena.

Alhamisi, Immaculée ndiye aliyetushangaza. Tulikuwa tunarudisha mipango kutoka kwenye nakala, Chefu yuko kwenye kibodi, mara tukasikia, "Oya! Oya, si hivyo!" yaani hapana, hapana, na mkono wa Immaculée umeshausukuma mkono wa Chefu pembeni. Alishtuka mwenyewe, akajifunika mdomo. Lakini alikuwa sahihi: mradi mmoja mzima, wa tangi la kilimani, haukuwemo. Nakala yake haikuwahi kutolewa. Tungekaa tumetulia na nakala zetu, na siku ya shida tungekuta kilima kizima hakina maji kwenye mpango. Chefu akainuka, akampa kiti. "Endelea, mwalimu," akamwambia. Immaculée akaandika mpango wote upya kutoka ule wa ukutani, na safari hii nakala ikatolewa na kukaguliwa.

Ijumaa mkurugenzi akaja na wakubwa wengine. Wakakaa. Chefu anaanza tu kueleza, umeme ukakatika. Kwetu hilo halikuwa ajabu, tulingoja. Ulirudi, ukaondoka, ukarudi tena kwa kishindo, na mashine kubwa ilipowaka haikuona programu wala mpango hata mmoja. Niliona vile vifungo vya baba vinanisubiri kibarazani.

Bi Rehema aliinuka nusu, mkono umeshaelekea kwenye kibodi. Akajizuia. Akarudi kitini, akaingiza viganja vyake chini ya mapaja, akavikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari. Na nilipomwona amekalia mikono yake, hofu ilinitoka. Alikuwa anatuamini!

"Zaina, disketi," akasema Chefu. Nikampa. Vianney alishaingia chini ya meza kukagua waya. Chefu aliingiza programu, akampisha Immaculée, naye akaanza kurudisha mipango, midomo yake ikitaja kilima baada ya kilima. Nikakaa mimi, nikaandikisha watumiaji, na mashine zao sikuzisahau. Hakuna aliyemngoja mkubwa, hakuna aliyeomba radhi kwa kupita mbele ya mwenzake. Mstari wa kwanza wa mpango ulipotokea kwenye kioo, kisha wa pili, kisha vilima vyote na lile tangi lake, Vianney alipiga mluzi kutoka chini ya meza, mbele ya mkurugenzi!

Mkurugenzi akaangalia kioo, akaangalia saa yake, akamwuliza Bi Rehema kwa kupitia mimi: mtaalamu wa kutoka nje aje lini?

Sikupata hata nafasi ya kutafsiri. Chefu alijibu mwenyewe. "Haji, Bwana Mkurugenzi. Tuko sisi."

Wageni walipotoka, Bi Rehema akamwita Chefu kwenye mashine kubwa. Lilikuwa limebaki jambo moja, neno la siri la msimamizi, lile linalofungua kila kitu. Wiki nzima lilikuwa neno lake yeye. "Liwekeni la kwenu," akasema. Tukasogea sote wanne. Na yeye, mwalimu wetu, aliyekuja na lile boksi, akatugeuzia mgongo, akaenda dirishani, akatazama uwanja wa mpira huku anaimba puani, mpaka tukamaliza. Nililia, mwanangu. Nilikuwa msichana mwenye kazi, ndiyo, lakini sikulia kwa ajili ya kazi. Nililia kwa ule mgongo.

Mwaka wa tisini na nne ulikuja ukatuchukulia watu, na ile ofisi yetu. Hayo yana siku yake, na leo si siku yake. Ninachotaka ujue ni kwamba wale watu walikuwepo, na waliweza.

Sasa nisikilize. Utawakuta wanafunzi wako wana adabu kama sisi. Watakuitikia kila kitu, na kibodi watamwachia mkubwa wao. Usiwachukie kwa hilo, wamelelewa vizuri. Mwombe mkubwa wao akosee wa kwanza, kwa faragha mwombe, umlindie heshima yake. Hakikisha nakala ipo, kisha wafumue mashine wairudishe, kila mmoja kwa mkono wake, wewe ukiwepo. Mikono yako ikikuwasha, ikalie. Na kazi ikiisha usibaki na neno la siri mfukoni ili wakuhitaji. Wageuzie mgongo, waweke la kwao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wanafunzi wa kukusukuma mkono pale unapokosea, akulindie macho yako na hivyo vioo vyenu, na siku ya mwisho akupe dirisha zuri la kutazama nje wakati wao wanaandika.