Koili ya Yakobo

Nilimwibia rafiki yangu, na wizi huo ukampoteza. Sina namna nyingine ya kuanza. Kila nikijaribu kuanzia mbali najikuta natafuta visingizio, nawe unayesoma hukuja kusikiliza visingizio.

Nimezaliwa Kampala. Baba yangu aliletwa na kazi ya reli kutoka Kenya. Enzi za utawala wa wanajeshi nilikuwa nakaa Kawempe, na nilikuwa na gari. Lilikuwa gari jeusi la Kiingereza, kuukuu hata kwa wakati ule. Aliniachia tajiri yangu, Mhindi niliyemwendesha miaka mingi, siku alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake. Aliniwekea ufunguo mkononi akasema, "Lichunge." Nililichunga kuliko nilivyochunga watu.

Nalo lilinitesa. Wenye maduka ya spea walikuwa wameondoka, rafu zimebaki na vumbi. Rejeta ikivuja naziba kwa sabuni ya kipande. Mpira wa breki ulipokwisha, fundi alinichongea mwingine kutoka kwenye tairi la lori. Likipanda mlima linachemka. Mvua ikinyesha haliwaki. Jumapili wenzangu wanakwenda kanisani, mimi niko chini yake, mgongo kwenye tope. Lakini siku likikubali, nikapita nalo mjini taratibu huku watu wanageuka, nilijiona mtu kweli.

Aliyenielewa alikuwa jirani yangu, Yakobo. Alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu, muuza vitenge, mtu mpole wa kucheka kwa mabega. Alikuwa na gari la aina ile ile, lake la rangi ya maziwa. Tulikuwa tunayatengeneza pamoja uani kwake. Mkewe, Mama Furaha, alituletea chai palepale chini.

"Nyinyi muko na bibi wengine," alituambia. "Sisi tunapika tu."

Yakobo hakuwahi kuninyima kitu. Nikikwama ananifungulia hiki, naye akikwama namfungulia kile. Ila mwaka ule alianza kubadilika. Kulikuwa na afande mmoja aliyekuwa akipita dukani kwake, anashika vitenge, anauliza duka ni la nani, anaondoka bila kununua. Siku moja Yakobo akaniambia, "Kaka, kwa sasa usitoe kitu kwa gari yangu. Nataka ikae tayari."

"Tayari kwa safari gani?"

Akatazama barabarani. "Tayari tu."

Nilielewa. Siku zile watu hawakumaliza sentensi, na wote tulielewana. Najua ungependa niseme sikuelewa. Nilielewa.

Basi bosi wangu wa kazi mpya akaniomba nimbebee binti yake siku ya harusi. Bibi harusi achukuliwe Kasubi, apelekwe kanisani, kisha Luzira kwenye sherehe, karibu na ziwa. Nililipiga gari nta mpaka ukaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Asubuhi ya harusi nikawasha, kimya. Nikazungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka, kimya. Koili ilikuwa imeungua, kile kikopo kinachopeleka moto kwenye plagi. Mji mzima usingeniuzia nyingine.

Nilikwenda kwa Yakobo nia yangu ikiwa kuomba. Hakuwepo, alikuwa dukani. Mama Furaha alikuwa anamwogesha mtoto nyuma ya nyumba, akanisalimu kwa mbali, akaendelea. Alinizoea pale uani. Nikafungua boneti ya Yakobo.

Nilitoa koili yake nzima. Halafu, na hapa ndipo ninapojichukia, nikafunga ile yangu mbovu mahali pake ili asione pengo. Nilijiambia jioni nitairudisha. Ni saa chache tu, nani atajua?

Harusi ilipendeza. Nilipigwa picha nikiwa nimeegemea mlango wa gari, kofia kichwani. Wakati wa kurudi, likachemka kwenye mlima wa kutoka Luzira. Nikakaa kando ya barabara kungoja lipoe, nikiombaomba maji kwenye nyumba za watu. Nilifika Kawempe jua linazama.

Gari la Yakobo lilikuwa uani, boneti wazi. Masanduku yamefungwa juu. Majirani walikuwa wamejifungia ndani. Mama Furaha alikuwa amekaa chini karibu na gurudumu, mtoto mapajani.

"Wamemubeba," alisema.

Saa nane mtu alikuwa amemdokeza Yakobo kwamba wanamjia. Akakimbia nyumbani, akapakia vitu, akamketisha mkewe na mtoto ndani. Gari likakataa. Alifungua boneti, akagusa kila waya, akazungusha hendeli. Mkewe alimsihi waondoke kwa miguu. Akasema dakika moja, limekaa tayari, litawaka. Walimkuta ameinama kwenye injini.

"Alikuwa anakuita," Mama Furaha aliniambia. "Alinituma kwako mara tatu. Alisema wewe ndiye unajua hii gari."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikamwambia, "Pole, dada."

Kesho yake alikwenda kambini kumuulizia mumewe. Alipoondoka tu, nikaingia uani nikairudisha koili mahali pake.

Yakobo hakuonekana tena. Baada ya muda, mdogo wake Yakobo alikuja kuwachukua yule mama na mtoto. Aliingia kwenye gari, akageuza ufunguo. Likawaka mara moja.

Akamtazama shemeji yake. "Si inawaka hii?"

"Siku ile ilikataa," Mama Furaha alisema.

"Ilikataa namna gani? Ni uoga. Mikono ilimutetemeka, akashindwa hata kuwasha gari. Au hakutaka kuacha duka yake."

Mama Furaha alinigeukia. Alinitazama kama mtu anayengoja shahidi aseme. Mimi nilitazama matairi. Yeye akashusha macho, akapanda, wakaondoka, na injini ile ikilia vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia.

Nilimwibia mtu uhai, nikarudi nikamwibia na heshima.

Langu sikuliwasha tena. Lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakatagia kwenye viti, kisha nikawaachia wakata vyuma. Urafiki na mwanamume mwingine sijaupata, maana akinikaribia namkimbia.

Wewe uliye na kitu cha mwenzako ulichokichukua bila kuomba, hata kama ni skrubu, kirudishe leo. Na ukikirudisha, usikirudishe kwa siri. Mwambie usoni, akupige ukistahili. Mimi nilidhani kurudisha kimyakimya ni kutubu, kumbe nilikuwa nafuta nyayo zangu juu ya jina la mtu.

Mama Furaha, kama uko hai, au Furaha, kama wewe ndiye unayesoma: gari lilikuwa bovu. Mikono ya Yakobo haikutetemeka.