Niliihesabu Khitma ya Bibi Mpaka Ishirini na Tisa

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana kabla ya kulikiri niliisingizia simu, nikausingizia mtandao, na hatimaye nikamsingizia bibi kizee asiyeona. Kama kugawa lawama ni kipaji, mimi nimejaaliwa.

Bibi yangu alifariki, Mungu amrehemu, na arubaini ilipokaribia ikabidi tumsomee khitma. Msahafu una juzuu thelathini. Kila mtu huchukua yake, na zikishasomwa zote, dua hufungwa. Nyumbani kwetu, Mji Mkongwe, kazi hiyo ilikuwa na sanduku lake la mbao, ndani yake vijitabu thelathini, kila juzuu na kijitabu chake. Sanduku huzunguka ukumbini, kila mtu akachukua kimoja. Likiwa tupu, zimegawiwa. Likijaa tena, zimesomwa. Hata mtoto aliyeanza chuo cha Kurani jana angeweza kulikagua.

Lakini mimi nimesomea kompyuta miaka mitatu. Mtu wa hadhi yangu anapitisha sanduku?

Sababu nilikuwa nayo, tena nzuri. Ukoo wetu umetawanyika, wengine Maskati, wengine Dar es Salaam. Kwenye kundi la simu watu watatu walikuwa wakigombea juzuu moja, na nyingine haina mwenyewe.

"Niachie mimi, shangazi," nikamwambia shangazi Salma. "Ntaandika programu."

"Na sanduku?"

"Lipande juu ya kabati likapumzike. Limeshatumika vya kutosha."

Nikaandika majina thelathini. Kwanza shangazi na wajomba, kisha watoto wao, kisha wake walioolewa kwetu na waume waliooa kwetu. Mwisho kabisa nikamwandika Bi Mize, kwa sababu hakuwa wa damu. Bi Mize alikuja mjini kutoka Kiwengwa akiwa msichana, akawa shoga wa bibi yangu, akaishi chumba chetu cha chini mpaka macho yake yakazimika. Katika kila khitma ya nyumba ile, juzuu ya thelathini ilikuwa yake. Anaijua kwa moyo. Kijitabu hukiweka mapajani bila kukifungua, akakipapasa jalada kama anayempapasa paka, huku midomo ikienda.

Kisha nikaiagiza kompyuta initolee namba za juzuu, moja hadi thelathini, nizifunge na majina. Kwa lugha ya Python nikaandika range(1, 30). Mstari mmoja tu. Niliutazama kama mtu anavyoutazama mwezi mwandamo, nikajipongeza kwa ufupi wake.

Wenzangu wa fani mshaanza kucheka. Wengine niwaeleze: lugha hiyo ukiitajia thelathini kuwa mwisho, hufika ishirini na tisa ikasimama. Namba ya mwisho ni ukuta wa chumba, haimo chumbani. Ukiitaka thelathini, andika thelathini na moja. Jambo hili hufundishwa wiki ya kwanza. Nilifundishwa, nikapewa alama nzuri, nikasahau. Basi namba zikaisha kabla ya majina, na lile jina lililobaki kompyuta haikulipigia kelele. Ililiacha tu, kimya, kama mgeni aliyekosa pa kukaa.

Nilikagua, msinione mzembe. Nilitazama juu ya orodha: moja, mbili, tatu, nne. Nikaridhika. Mkiani sikufika.

Ujumbe ukaruka kwenye simu zao, kila mmoja na juzuu yake. Majibu yakarudi, "Nshasoma", "Nshasoma", na mimi nikawa natembea nyumbani kama niliyeiteremsha dini.

Kila asubuhi nilimpita Bi Mize mlangoni kwake.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kazi ya khitma inakwendaje?"

"Inakwenda yenyewe, bibi. Siku hizi hatusumbui watu."

"Alhamdulillahi," akasema. Nikadhani ananisifu.

Siku ikafika. Wanawake wakajaa ukumbi wa juu, udi ukafukizwa. Shangazi Salma akanigeukia. "Zishatimia?"

Nikatazama simu. Programu ikasema zote zimesomwa. Ingesema nini? Iliihesabu orodha yake kwa orodha ile ile, kama mwizi anayejitolea ushahidi.

"Zishatimia, shangazi. Zote," nikasema kwa sauti, wageni wasikie.

Bi Mize alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, mapaja matupu, midomo ikienda. Niliposema zote, aliinua uso kidogo. Akaitikia amina pamoja nasi.

Siku ya pili chumba cha chini kilikuwa kitupu. Mpwa wake alikuja kumchukua. "Kasema amepakumbuka kwao," shangazi akanambia, na mimi nikaona sawa, wazee na kwao.

Wiki tatu baadaye Hasina, mwenye duka la vitambaa ubavuni mwa nyumba yetu, aliniita nikipita.

"We mtoto, Bi Mize alikukosea nini?"

"Mimi? Kwani kasemaje?"

"Hakusema kitu. Kila asubuhi alikuwa akija na simu yake. 'Hasina, nitazamie, wameshaniletea juzuu yangu?' Namwambia bado. Siku moja akanambia basi, usitazame tena. Aliyenijua kafa."

"Simu yake mbovu," nikajibu, kwa ujasiri wote.

"Mbovu? Matangazo yanaingia kumi kwa siku, mimi ndiye namsomea. Yako wewe ndiyo hayaingii."

Nikaifungua orodha pale pale dukani, na kwa mara ya kwanza nikashuka mpaka chini. Ishirini na tisa. Baada yake, weupe.

Nililishusha sanduku, nikatoa kijitabu cha thelathini, nikaenda Kiwengwa. Bi Mize alikuwa kwenye baraza ya mpwa wake, anafungua mafundo ya kamba za mwani kwa kupapasa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi."

"Mimi yupi? Siku hizi si watu wana namba?"

Nikamweleza yote, ukuta na chumba, namba na majina, hata kwamba nilimwandika mwisho. Akasikiliza bila kuziacha kamba.

"Kwa hivyo kompyuta ilikosea."

"Mimi nilikosea, bibi."

"Ehe. Hapo tunasikilizana."

"Khitma haikutimia, na mimi niliwaambia watu imetimia."

"Ilitimia," akasema. "Nilimsomea pale pale mlangoni, nyie mkitazama simu. Ulidhani nangoja ruhusa yako kumsomea shoga yangu? Yeye yake imetimia, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyepungua."

Nikamwomba arudi nyumbani. Akafungua fundo moja kwanza.

"Lile sanduku lilikuwa likizunguka," akasema. "Miaka yote ile sikujua kama kuna wa mwisho. Wewe ndiye uliyenijulisha."

Nikamwekea kijitabu mkononi. Akakinusa, akakiweka mapajani, akakipapasa.

"Nikiache?"

"Kiache."

Akarudi kwenye kamba zake.

Basi ndugu zangu mnaopenda njia fupi, kichwa cha orodha hakina siri, kila mtu hukitazama. Shukeni mkiani, mhesabu kwa kidole, na mjiulize mlimweka nani huko na kwa nini. Na kifaa kikikwambieni zote zimetimia, kiulizeni zote zipi.

Sanduku liko ukumbini sasa, lina vijitabu ishirini na tisa. Shangazi Salma anataka tununue cha thelathini, pengo lizibwe. Nimemkatalia. Tukisoma tena, mimi ndiye ntakayekwenda Kiwengwa kumwomba mwenye nacho.