Lori Lililobaki Nyuma kwenye Skrini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Programu alinikalisha mbele ya kompyuta katika ofisi yetu mjini Nakuru, akaniambia, "Dada, shika hiyo kitu na mausi, vuta polepole. Ukiona inapepesa, hiyo ndiyo kazi yako." Nilivuta kitufe kimoja asubuhi nzima. Kilipepesa kama koroboi penye upepo, nami nikakipenda papo hapo.

Nyinyi vijana mmezoea vitu viteleze tu kwenye skrini. Enzi zetu, kilichovutwa kilifutwa kilipotoka, kikachorwa upya kilipofika, na jicho likiwahi kuona kule kufuta, picha inapepesa. Dawa ilikuwa kuchora kila kitu pembeni kwanza, mahali pasipoonekana, kisha kuitoa picha ikiwa kamili. Miaka ilipita hivyo, nikiota hata mchana visanduku vinavyoelea.

Kisha nikahamishiwa Rongai, kwenye maghala ya mahindi. Selina, karani wa mizani, alikuwa akivuta kisanduku cha lori kwenye skrini kutoka mizani hadi ghala lililopangiwa lori hilo. Alilalamika kwamba lori likienda, jingine linabaki nyuma. Akiyaona mawili, alisimamisha foleni nzima na kutoka nje kuhakikisha.

Meneja wa Maghala alikuja, akavuta mwenyewe, fyuu, lori likafika safi.

"Selina, iko lori moja tu. Hayo ni macho yako. Foleni ikisimama tena, natafuta karani mwingine."

"Boss, mimi naona mbili," Selina alisema. Watoto wake walikuwa wakimtegemea yeye peke yake.

Nilivuta pia, nisione kitu. Iliniuma, maana nilimwamini. Nikaketi karibu naye nikamtazama akifanya kazi, vumbi la mahindi likielea kwenye mwanga wa dirisha, hata nikasahau saa. Ndipo nikaona kwamba havuti kwa mkupuo kama sisi. Alilifikisha lori katikati, akangoja bila kuachilia mausi, mpaka dereva kule nje apige honi kwamba ametoka kwenye mizani. Ndivyo makarani wa pale walivyofundishana. Akiwa anangoja, programu ilichora upya picha ya uwanja wa maghala, ile ya nyuma ya visanduku, pamoja na lori lililokuwa mkononi mwake, na picha ya lori hilo ikabaki pale pale hata alipolivuta mbele.

Nikairekebisha ili uwanja uchorwe bila kile kilichoshikwa. Honi ikalia, Selina akavuta, akatazama nyuma ya lori kwenye skrini. Hapakuwa na kitu. Akafunika uso kwa viganja.

"Kwa hivyo si macho?"

"Si macho, Selina."

Siku hizi nimestaafu, naishi Kiamunyi, na mchana wangu mwingi huishia kwenye kiti cha barazani, nusu macho, nusu usingizini. Selina hunitembelea. Mtoto wa jicho amemwingia kweli, anangojea upasuaji. Juzi alisimama langoni, akanitazama sana, akacheka.

"Leo naona mko wawili. Hii sasa ni macho. Lakini ile siku..."

"Ile siku haikuwa macho," nikasema, nikamshika mkono tukaingia ndani.