Nahodha wa Meli Kubwa ya Angani

Juzi nilikuwa steshenari moja pale Mwenge nasubiri kopi zangu, nikashuhudia jambo ambalo mpaka leo linanichefua. Kando yangu dada mmoja, mchoraji wa katuni, alikuwa akimwonyesha mteja wake kurasa za hadithi ya vita vya huko kwenye nyota, binadamu dhidi ya maadui wenye macho sita. Mteja, bwana wa makamo, alizigonga kwa kidole.

"Mbona meli zetu vidude hivi? Adui ana meli kama mtaa mzima!"

"Ndiyo maana tunashinda, kaka," dada akajibu kwa upole. "Ile kubwa ina mizinga mizito, lakini kugeuka ni shughuli, na ikitobolewa wanakufa wote. Hizi ndogo haziendi mbali, ila zinatawanyika. Hawezi kuzipiga zote."

"Msomaji anataka ukubwa. Tupe na sie kubwa."

Dada akakubali, akachora palepale kwa penseli, na nahodha wa kile kidude akamhamishia kwenye meli kubwa. Bwana akatabasamu, kisha akafunika kwa kidole uso wa nahodha, ambaye alikuwa mwanamke.

"Sasa huyu mtoe, weka mwanaume. Mwanamke alifaa kwenye kile kidogo."

Dada akakusanya kurasa zake, akasema, "Basi kaka, tafuta mchoraji mwingine," akatoka.

Hebu niambieni nyie. Bwana huyu amekubali meli isafiri kati ya nyota, amekubali na maadui wenye macho sita. Kilichomshinda kuamini ni mwanamke kwenye usukani.