Simu Isiyo na Madoido

Chepkoech alipenda kujipamba, na simu yake ilijipamba kumshinda. Ilikuwa na programu mbili za picha zinazofanya kazi moja, duka lake lenyewe la programu, na kamera iliyompangusa mikunjo yote usoni akaonekana msichana wa kipaimara. Picha hizo alizirusha kwenye kundi la kanisa lake kule Castle Vale, Birmingham, Uingereza, akasifiwa, akaridhika.

Tatizo, simu hiyo ilikuja na mfagiaji wake. Kampuni ilimweka humo eti aokoe chaji, na kila kioo kilipozimika alifungia nje kila programu, WhatsApp ikiwa ya kwanza. Watu wakipiga, simu inatulia kama maji ya mtungini.

"Mama Cherop, hii yako ni kama nyumba ya kupanga," Kowsar alimwambia. Kowsar alikulia Garissa, na sasa wote wawili walihudumia wazee katika makao mamoja huko Newtown. "Landlord ameijaza makochi yake, na hataki uyatoe. Yangu ni Android plain. Hakuna kitu mtu amebandika juu."

"Yako ni uji bila sukari," Chepkoech akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi Jumamosi moja Cherop, bintiye aliyeko Kericho, akajifungua msichana. Chepkoech alipata habari jioni, tena kwa mtu wa kanisa! Nyumbani walikuwa wamepiga mpaka wakachoka. Alilia kwa hasira mbele ya Kowsar, na haikuwa hasira ya bure. Kwao Kipsigis, mtoto hachaguliwi jina la ukoo. Kina mama humzunguka, wakamwitia marehemu mmoja mmoja, na jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Marehemu huyo amerudi. Kesho yake wangekaa, na wakiwa tayari wangempigia Chepkoech ili amwite mama yake, Tapkigen, kwa mdomo wake mwenyewe. Mazishi ya Tapkigen aliyakosa kwa sababu ya viza. Hili hakuwa tayari kulikosa.

"Chukua ile yangu ya zamani, dada," Kowsar akasema. "Nayo ni plain."

Wakahamisha laini, wakajaribu kamera. Mikunjo yote ikajitokeza.

"Woi, nakaa kama nyanya!" Chepkoech akashtuka.

"Si wewe ni nyanya sasa?"

Asubuhi simu ikalia, tena kwa kelele. Chepkoech aliiegemeza kwenye birika la umeme, akakaa sawa. Upande wa baba walianza. Waliita bibi huyu na yule, mtoto akapiga miayo tu. Ndipo Cherop akasema, "Mama, ni wewe sasa."

"Tapkigen," Chepkoech akaita. "Tapkigen, ni wewe?"

Kule Kericho hakuna aliyetikisika. Imeganda, Chepkoech akawaza, hata hii nayo imeganda. Akanyoosha kidole kuigusa, kisha akaona mvuke wa chai ukipanda taratibu nyuma ya kina mama. Haikuwa imeganda. Walikuwa wanasubiri tu, kama yeye.

Akaliita tena, kwa sauti ya chini.

Chafya ikatoka, ndogo, kali. Vigelegele vikalijaza jiko lile la Birmingham, na Chepkoech akaushika uso wa mtoto kwenye kioo kwa viganja viwili.

"Mama," akasema, "leo nimefika."