Namba ya Mtu Mwingine

Chama chetu cha kuzikana, cha watu wa Muleba tunaoishi Bukoba mjini, kiliniomba nikitengenezee fomu ya kujisajili mtandaoni. Kazi hizo ndizo zinazonilisha. Niliifanya kwa wiki mbili, peke yangu, kwenye chumba nilichopanga Buhembe, dirisha likitazama migomba ya mwenye nyumba.

Fomu ilikuwa fupi: jina, namba ya simu, kijiji chenye kibanja, yaani shamba la ukoo, utakakozikwa, na mtu wa kupigiwa ukipatwa na jambo. Hapo kwenye mtu wa kupigiwa ndipo wazee waliponitesa. Karibu kila mmoja aliandika namba yake mwenyewe. Mzee mmoja anayekaa Kagondo aliniambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo namba pekee anayoikumbuka. Nikamuuliza, sasa mzee wangu, ukifa tukupigie wewe? Akafikiri kidogo, akasema tujaribu.

Basi nikaweka sheria. Niliandika programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kivinjari, kwenye simu ya mtu mwenyewe, kabla fomu haijaenda popote. Inalinganisha namba mbili. Zikifanana, kisanduku kinapata ukingo mwekundu, chini yake panatokea maneno "Hii ni namba yako. Weka ya mtu mwingine," na kitufe cha Tuma kinapauka. Ukikibonyeza hakiitikii. Niliijaribu labda mara mia, kwa namba za uongo na ndugu wa uongo. Katika majaribio hayo niliwahi kuwa na mume, mabinti wanne na mashemeji wasiohesabika.

Jumamosi moja nikakaa kuijaza kwa kweli, maana hata mimi ni mwanachama. Jina nikaandika. Kijiji nikachagua. Nilipofika kwa mtu wa kupigiwa, mkono ukasimama.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulibaki wawili, mimi na kaka yangu, yeye nyumbani Muleba na mimi mjini. Kabla ya mwaka kuisha alikata mibuni ya mama akapanda mikaratusi. Nilikwenda, nikamwambia mbele ya majirani kwamba ameuwahi urithi kuliko machozi. Akaniambia nisirudi mpaka aniite. Hajaniita, nami sijampigia. Kiburi chetu tulikinyonya kwenye ziwa moja.

Nilipitia majina yote kwenye simu yangu. Wateja, mafundi, mama muuza senene, watu niliosoma nao ambao sasa tunatumiana salamu za Pasaka. Hakuna niliyeweza kumwomba aje kunichukua nikiwa maiti. Niliumia, sitaficha.

Nikaandika namba yangu. Ukingo ukawa mwekundu, na maneno yangu mwenyewe yakanitokea: weka ya mtu mwingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Lakini fundi anajua mlango wa nyuma. Ukaguzi wote niliuweka kwenye kivinjari. Kompyuta inayopokea fomu haikuuliza kitu. Nikafungua sehemu ya kivinjari ambayo watu wa kawaida hawaigusi, nikaandika mstari mmoja wa kukiamsha kitufe, kwenye kompyuta yangu tu. Kikarudi rangi yake. Jina la mtu wa kupigiwa nikaweka la ubatizo la bibi yetu, marehemu. Kwenye orodha ya uhusiano nikachagua "dada". Nikabonyeza Tuma.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba chama kilimpa mwalimu mmoja mstaafu, anayeishi huko Muleba, kazi ya kuwapigia watu wote waliotajwa. Jumanne asubuhi simu yangu ikaita. Hatukuwahi kuonana. Alijitambulisha, akanitaja kwa jina la bibi, akaniuliza kama namfahamu mwanachama fulani. Ndimi huyo.

Nikasema namfahamu, ni dada yangu.

"Vizuri, waitu, mtu wetu. Wengine nikiwapigia wanasema hawamjui mtu huyo. Akipatwa na jambo, utakuja?"

"Nitakuja," nikasema.

Nikadhani yameisha. Akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari, "Na siku hiyo wewe usipopatikana, nimpigie nani?"

Sikuwa na jibu la uongo kwa swali hilo. Siku hiyo simu yangu italia kando yangu nami sitaipokea. Nikaitaja namba ya kaka, tarakimu zote kumi, kwa kichwa. Akauliza huyo ni nani wake. Nikasema ni kaka yake. Akasema anampigia sasa hivi, akakata kabla sijamzuia.

Niliweka chai jikoni nikaisahau mpaka ikakauka. Nilijiambia kwamba atakataa, na kwamba akikataa, afadhali nijue. Sikuamini neno hata moja katika hayo.

Mwalimu alipiga tena baada ya kama nusu saa. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ya taratibu zaidi.

"Kaka amekubali, atakuja," akasema. "Ila nilipomwambia namba yake nimepewa na dada wa mwanachama, ameniambia mama yake alizaa binti mmoja tu. Anauliza, huyo binti ni mzima?"